Nilivyoigongelea Ndiva ya Shangazi Ikagoma Kufunguka

Wadau, mimi nimewahi kulinyima maji shamba la shangazi yangu kwa nguvu za mikono yangu mwenyewe. Cheka, lakini usiishie njiani.

Naitwa Sifael, nilikuwa mwaka wa mwisho uhandisi wa elektroniki. Juni ile nilipanda milimani, kijijini Suji, kwa shangazi Ernesta na laptop yangu na hasira zangu.

Mradi wetu, mimi na mwanafunzi mwenzangu Tausi wa pale Same mjini, ulikuwa flip-flop ya kasi. Ni saketi ndogo inayoshika sifuri au moja, halafu pigo la saa likija inapokea namba mpya.

Jumatatu tunawasilisha. Ikigoma, tunarudia mwaka.

Na ilikuwa imegoma. Kwenye laptop, tulikoichora na kuijaribu, naipa moja, inabaki sifuri. Wiki tatu nzima!

Saketi hiyo imeundwa kwa transista, viswichi vidogo vya umeme, na akili yangu iliniambia transista pana ndiyo yenye nguvu, na nguvu ndiyo kasi. Nikazipanua zote. Wapi! Nikazipanua tena. Sifuri ileile. Nusura niirushe laptop bondeni.

Jioni shangazi akaniita. "Sifa, kazibe ndiva. Kesho zamu ya maji ni yangu."

Ndiva ni bwawa letu la mawe. Usiku linakinga maji, asubuhi linafunguliwa yaende mashambani. Nikachukua kizibo cha gogo, nikakizungushia matambara, nikakigongelea kwa jiwe kwa hasira zote za wiki tatu. Halikuvuja tone.

Asubuhi shangazi akakivuta. Hakitoki. Nikavuta mimi. Tukavuta wote. Zamu inapita, maharage yanakauka, majirani wanatutazama.

"Shikamoo shangazi," nikasema, sijui hata kwa nini.

"Marahaba ya nini! Nani kakutuma ukigongelee hivi?"

"Nilitaka kishike vizuri."

"Maji yaliyotulia yanataka kushikwa kwa nguvu gani? Kishike kiasi, mwenye zamu akija akishinde! Wewe umekipa nguvu kunizidi mimi mwenye shamba!"

Nikakiachia kizibo, nikageuka kuelekea nyumbani. Ndani ya flip-flop kuna transista zinazoshikilia namba ya zamani. Na mimi, kwa ujuaji wangu, nilizipanua hizo pia. Namba mpya ingezishindaje?

"Unaenda wapi? Vuta!"

Tulivuta mpaka saa nne ndipo maji yakatoka. Nikakimbilia laptop na matope yangu, nikazipunguza zile za kushikilia zikawa nyembamba kuliko zote.

Nikaipa moja. Ikawa moja! Tena kwa kasi kubwa kuliko tuliyoahidi.

Nikampigia Tausi. "Nimegundua! Zinazoshikilia namba ya zamani lazima ziwe dhaifu!"

Akanijibu, "Sifael, hebu fungua meseji yangu ya tarehe tatu."

Nikafungua. Alikuwa ameandika: "Nahisi hizo za kushikilia ni kubwa mno. Tuzipunguze?"

Chini yake, jibu langu: "We andika ripoti, saketi niachie mimi."

Aibu ilinishika, nikaketi chini.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi, kaka," akasema, akakata simu.

Tulifaulu. Jumatatu ile nilimwambia msimamizi mbele ya watu kwamba jibu lilikuwa la Tausi.

Ndugu yangu, ukiona kitu kipya hakiingii, kabla ya kuongeza nguvu mlangoni, angalia nani anashikilia cha zamani. Mimi nilimtafuta wiki tatu, kumbe anayeshikilia ni mimi.

Na shangazi hajanituma tena kuziba ndiva mpaka leo.