Siku Saa ya Baba Mkwe Ilipotoka Jasho

Jamani, chekeni tu, nimeshazoea, maana hapa Bagamoyo mpaka leo wapo wanaoniita Bi Saa, na aibu yenyewe nilijitafutia kwa mkono wangu mwenyewe.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami nina mimba ya kwanza, naishi kwa wakwe, na mama mkwe kanipiga marufuku vitu vitamu (ati mtoto atanenepa tumboni nishindwe kuzaa), na roho yangu yote iko kwenye halua. Siku moja mume wangu Salum akaniletea pande zima kwa siri, nimemega kidogo tu nasikia makubadhi ya mama mkwe yanakuja ukumbini, nikaona mahali pa karibu ni saa ya baba mkwe, nikafungua kimlango chake cha nyuma nikaisukumia halua humo.

Sasa saa ile haikuwa ya mchezo. Baba mkwe alikuwa sajini katika jeshi la Mwingereza, na alipostaafu kikosi chake kilimuaga kwa saa hiyo ya mbao nyeusi, kuukuu tayari siku ile, iliyokaa miaka kwenye mesi walimolia maofisa, ikapachikwa kibati cha shaba chenye jina lake. Aliiweka juu ya kabati, na kila akiitia ufunguo husimama wima kama yuko gwaride.

Jioni saa ikanyamaza. Nilijaribu kuitoa halua, wapi, imeshanasa kwenye magurudumu. Baba mkwe hata chakula kikamshinda. Jirani yetu Bi Mwanahawa akasema, "Sajini, hiyo imeingiliwa na jini. Vitu vya jeshi hivyo, vimeona damu." Nami, badala ya kusema kweli, nikadakia, "Ndiyo, baba, hata mimi nimeisikia inaguna." (Inaguna! Sijui nililitoa wapi.)

Kesho yake akaitwa mwalimu wa chuo cha Kurani, majirani wakajaa ukumbini, chetezo cha ubani kikawekwa ubavuni pa saa, dua ikasomwa, joto likapanda, mara saa ikaanza kuchuruzika kitu cha rangi ya dhahabu. "Inatoka jasho!" Bi Mwanahawa akapiga ukelele, watu wakakimbilia mlangoni, mmoja akaikanyaga kanzu ya mwalimu, mwalimu chini! Baba mkwe peke yake hakukimbia (askari huyo), akachovya kidole, akanusa, akalamba.

"Samli," akasema. Akalamba tena. "Na iliki."

Akamgeukia mkewe, mimi hata hakunitazama.

"Mama Salum, jini lenyewe nimelijua. Lina mimba."

Kicheko kilichopasuka pale kilifika sokoni kabla sijapata pa kuuficha uso. Salum alirudi usiku, kwa mlango wa uani. Baba mkwe aliifungua saa, akaisafisha gurudumu moja moja kwa mafuta ya taa, ikalia tena, na hakunisema hata neno, jambo lililoniuma kuliko kugombezwa.

Tangu hapo sifichi kitu. Nikitamani kula, natoka barazani na sahani yangu, na anayetaka kunisema anisemee hapo hapo, natafuna huku namsikiliza.