Bangili ya Sumaku na Swali la Bibi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikipita Mtaa wa Msimbazi hunirudia. Nilikuwa msichana niliyetoka kuhitimu shahada ya juu ya fizikia, na kazi yangu ilikuwa kutafakari sumaku. Nasema kutafakari, maana sikuwa na maabara. Nilikuwa na kalamu, karatasi na ubao. Nilitaka kujua kwa nini chembe ndogo kabisa za chuma hukubaliana kuelekea upande mmoja mpaka chuma kizima kiwe sumaku, na kwa nini ukikitia moto mkali makubaliano hayo huvunjika. Swali hilo limenizeesha, na wala sijalimaliza.

Watu wa Kariakoo hawakunielewa. "Sasa wewe unatengeneza nini?" waliniuliza. Nikijibu kwamba napiga hesabu tu, walinionea huruma. Aliyejivunia mimi ni baba mdogo wangu Elia, aliyenilea baada ya baba kufariki. Alikuwa na duka la spika na redio hapo Mtaa wa Msimbazi, na kila mteja aliambiwa, "Huyu binti yangu ni daktari wa sumaku." Wengine walidhani nafanya kazi hospitali, wakaanza kunieleza magoti yao.

Mwalimu wangu wa chuo alikuwa na desturi moja ngumu. Ukimpelekea hesabu uliyoihangaikia miezi, hakukusifu. Aliuliza, "Wewe mwenyewe ungeivunja wapi?" Ukishindwa kumwonyesha, alikurudishia karatasi zako. Ndivyo tunavyofanya kazi sisi, mwanangu: tunayabana mawazo yetu wenyewe kabla watu wengine hawajayabana. Tabia hiyo niliingia nayo mpaka nyumbani, na nyumbani haikupendwa.

Basi baba mdogo akaleta bangili za sumaku. Zilikuwa zimevuma mjini wakati ule. Eti zinatibu presha, miguu, usingizi, kila kitu isipokuwa njaa. Akaweka spika mlangoni ikitangaza kutwa: damu ina chuma, sumaku inavuta chuma, kwa hiyo ukivaa bangili damu inatembea vizuri. Maneno matamu, tena yana harufu ya sayansi. Nilimvuta pembeni, nikamwambia kwa adabu kwamba si kweli. Akacheka. "Biashara ni matangazo, binti yangu." Nikajisemea moyoni, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jumamosi moja bibi yangu, mama yake Elia, alikuwa ameketi dukani. Alikuwa ametoka Moshi kuja kutibiwa presha. Baba mdogo akamvisha bangili mbele ya wateja. Bibi akaigeuzageuza, kisha akanitazama.

"Mjukuu wangu, nasikia wewe ndiye mjuzi wa vitu hivi. Elia anasema nikivaa hii, vile vidonge naweza kuacha. Niache?"

Kwetu mkubwa hakosolewi mbele za watu, na baba mdogo ndiye mkubwa aliyenilisha na kunisomesha. Alikuwa akinitazama kwa macho ya kuniomba. Lakini aliyeuliza alikuwa anauliza juu ya uhai wake.

"Usiache, bibi," nikasema. "Chuma cha kwenye damu si kama msumari, sumaku hii haikivuti. Ingekuwa inakivuta, damu ingejaa hapo chini ya bangili, mkono ukavimba. Meza vidonge vyako."

Wateja wakatoka mmoja mmoja. Baba mdogo akazima spika. "Umenivua nguo mbele za watu," akasema. Jioni ile nilitoka nyumbani kwake, nikahamia chumba cha kupanga Buguruni, nikilia kama mtoto.

Nilitegemea Bibi anisifu. Alinifuata Buguruni kunigombeza. "Ukweli umeusema, na vidonge nameza. Sasa mbona umekimbia? Msema kweli mpenzi wa Mungu, sawa, lakini ndugu zake amwachie nani? Nenda ukamwamkie kila siku, aitikie asiitikie."

Nikaenda. "Shikamoo, baba mdogo." Kimya. Kesho yake tena. Nikitoka chuoni, nilikokuwa nimeanza kufundisha, nakata Mnazi Mmoja kwa miguu, naingia dukani, naamkia, nakaa kidogo, naondoka. Bangili alizitoa dukani bila kuniambia, ila marahaba yake ilichelewa sana kurudi. Ilirudi hatimaye, maana damu ni nzito kuliko maji. Lakini habari ya siku ile hatukuigusa kamwe.

Mpaka alipougua, miaka mingi baadaye. Watoto wake walijaa chumbani, kila mmoja akimwambia atapona, daktari amesema atapona. Daktari hakusema hivyo. Baba mdogo akawatoa wote nje, akanibakiza mimi, akanishika mkono.

"Hawa wananipenda," akasema, "lakini wananidanganya. Wewe niambie kama ulivyomwambia mama."

Nikamwambia. Alilia kidogo, nami nikalia. Kisha akaomba wanawe waingie, akawapatanisha wawili waliokuwa hawasemeshani, akasema anataka kuzikwa wapi, akawaaga. Alikufa akijua anakufa. Nimeandika hesabu nyingi juu ya sumaku, mwanangu, na baadhi zimesomwa mbali. Hakuna hata moja iliyonipa heshima kama ile.

Kwa hiyo nisikilize. Fani yoyote utakayoisoma, siku moja mtu wako atakuuliza swali ambalo jibu lake litamuumiza mwingine unayempenda. Kama unaweza, mwonye huyo pembeni kwanza. Ukiulizwa, jibu kweli, kwa maneno ambayo bibi anaweza kuyashika. Ukishajibu, usihame. Kaa papo hapo ukiendelea kuamkia, hata usipoitikiwa.

Mungu akujalie ulimi usiopinda na moyo usiochoka kurudi kwa watu wako. Na siku watakapotafuta wa kuwaambia ukweli, akuweke karibu, waite jina lako. Amina.