Kondoo wa Kogo kwenye Barabara ya Machimbo

Mwanangu, kwa miaka mingi nimekana jambo moja, na leo nalikubali nikiwa nimekaa, maana magoti yangu hayawezi tena kukimbia aibu. Yule msichana aliyeonekana akikimbia na ng'ombe kwenye barabara ya machimbo, sketi ya shule imekunjwa kiunoni na samadi imefika magotini, alikuwa mimi. Huko chuo kikuu, nikiulizwa nilikulia wapi, nilijibu, "Karibu na reli, upande wa Eldoret," kisha nikanyamaza ili watu wadhani baba yangu alikuwa stesheni masta. Uongo haukuwapo. Kati yetu na hiyo reli palikuwa na kilima tu, na kilima ndicho kisa chenyewe.

Enzi hizo mashamba yalikuwa ya walowezi, na juu ya kilima kile, mbele kidogo ya Cheptiret, palichimbwa mawe ya kokoto. Yalipaswa kushushwa kwa lori hadi kituo kidogo cha reli, lakini njia ya zamani ya magari ya ng'ombe ilikuwa imelika hadi mwamba. Baba, aliyekuwa nyapara, akapewa kazi ya kupanga barabara mpya. Mwanangu, sijaona tena mtu akifurahia mteremko namna ile! Alipanda na kushuka na vigingi na kamba. Aliizungusha barabara ubavuni mwa kilima badala ya kuiteremsha moja kwa moja, ili lori lenye mzigo lisiunguze breki. Kona akazipanua. Upande wa bonde akajenga tuta la mawe la kumzuia dereva aliyezubaa. Katikati akaiinua kama mgongo wa ng'ombe, maji ya mvua yakimbilie mitaroni pande zote mbili. Wakati wa chakula alichora kona zake kwenye ugali kwa ncha ya kidole, mpaka Mama akamwambia ale barabara yake kabla haijapoa.

Ilibaki kushindilia changarawe. Rola la chuma lililotakiwa kufanya kazi hiyo likavunjika ekseli likiwa njiani kutoka Nakuru, na mawingu nayo yalikuwa yameanza kukusanyika. Meneja, mzungu wa maneno machache, akamwambia Baba kwamba lori lisipofika relini Jumatatu, reli itanunua mawe kwingine na machimbo yatafungwa. Nyumba zetu za laini, zile za wafanyakazi zilizopangwa safu moja, zilikuwa mali ya machimbo. Yakifungwa, kila familia ingefunga virago.

Ijumaa hiyo nilikuwa nimetoka shule ya bweni, kichwa kimejaa elimu ya kutosha kumsumbua mtu yeyote. Wazo likanijia: kwato! Kwato si ndizo zilizoshindilia uwanja wa zizi letu ukawa mgumu kama saruji? Sikumwuliza mtu. Nikawatoa ng'ombe wa laini nzima, nikashika chumvi mkononi, nikakimbia mbele yao kuteremka barabara ya Baba, nikiita kama mwendawazimu. Raha ile, mwanangu, sijaipata kwenye shahada yoyote.

Wafula, dereva wa lori aliyekuja kwetu kutoka magharibi kutafuta kazi, akatoa kichwa dirishani.

"Wewe msichana! Unapeleka hao wapi, Kisumu?"

"Tunajenga barabara!"

"Haya, ngoja nimalize chai nikuje tukimbie pamoja!"

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nilipofika chini nikageuka kuitazama kazi yangu, na pale juu ya mgongo ambao Baba aliunyoosha kwa kamba, niliona mfereji. Ng'ombe akifuata chumvi humfuata mwenzake nyuma, kwato juu ya alama ya kwato. Nilikuwa nimeichimbia mvua njia yake, tena katikati kabisa.

Baba alitazama, akavua kofia, akaivaa tena. Aliyesema ni Kogo, yaani nyanya, mama yake Baba. Alifika polepole, akaisimamisha fimbo yake ndani ya mfereji.

"Hii ni barabara ama ni mtaro?"

"Kogo, nilitaka kusaidia."

"Kutaka ulitaka. Ng'ombe umekaa na wao tangu uzaliwe. Ulishaona wakitembea kama watu wa harusi?"

Nikacheka bila kupenda. Yeye hakucheka.

"Umekimbia mbele peke yako, wengine wakakufuata mmoja mmoja. Hivyo mtu anachimba tu. Leta kondoo. Kondoo inaogopa kuachwa, inasongana bega kwa bega. Na wewe ukae katikati yao. Usikimbie."

Kondoo wenyewe walikuwa wake. Ndio utajiri aliobaki nao, na hata Baba hakuruhusiwa kuwashika. Siku hiyo akawatoa wote, kisha akatuma neno Cheptiret kwa jamaa zetu walete wao. Jumamosi tulijaza mfereji, tukanyunyiza maji ya mapipa, na kondoo wakaingia, wamebanana toka mtaro hadi mtaro kama blanketi linalotembea! Wanawake wa laini wakajipanga ukingoni kuwazuia, na baada ya muda wakaona kusimama tu ni hasara, wakaanza kukanyaga. Wimbo wa kwetu ukaisha, wa akina Wafula ukaanza. Wafula mwenyewe alivua viatu.

"Sasa Kogo, Jumatatu nitaendesha lori juu ya mavi ya kondoo?"

"Wewe endesha. Ikikushinda, kondoo itakubeba."

Jumapili mvua ilinyesha tangu tulipotoka kanisani hadi jioni. Jumatatu asubuhi Wafula akashuka na lori lililojaa. Kwenye kona ya pili akatupotea machoni, na baadaye kidogo hata mngurumo wa injini ukakatika. Meneja alikuwa ametangulia kituoni. Mimi niliwekwa ofisini kwa machimbo, kando ya simu ya ukutani, kwa kuwa nimesoma, na laini nzima ikajazana mlangoni, Kogo mbele.

Katika kimya kile, mwanangu, acha nikupe nilichokuja kukupa. Usiogope furaha ya wazo jipya; nakuonea wivu kwa kila utakalolipata. Lakini ukiona unakimbia mbele na watu wanakufuata mstari mmoja kwa sababu ya chumvi mkononi mwako, simama, utazame nyuma. Kidole kimoja hakivunji chawa. Rudi katikati yao, mkanyage pamoja. Na samadi ikifika magotini, usije ukaikana miaka thelathini kama mimi. Mungu akupe kazi itakayokusahaulisha chakula, na watu wa kusongana nao. Na mvua yako inyeshe ukiwa umeshashindilia.

Simu ikalia. Kipokezi nilikishika juu chini, nikakigeuza. Ilikuwa sauti ya Wafula, akipiga kelele kana kwamba hauamini ule waya:

"Wewe msichana! Ambia Kogo kondoo zake zimenibeba mpaka reli, na hakuna hata moja imeteleza!"