Filimbi ya Saa Kumi na Mbili

Nilishinda mbio za kinga mara moja tu maishani, hapa hapa Kindu, na mpaka leo mtu akinikumbusha ushindi ule natafuta kisingizio cha kuondoka. Kinga njo tunavyoiita baiskeli sisi watu wa Maniema. Watoto wangu wanadhani baba yao ni mnyenyekevu. Wacha wadhani. Mnyenyekevu gani, mimi? Nilikuwa kijana wa majivuno, fundi cherehani wa mtaa wa Mikelenge, suruali yangu inapigwa pasi hata ile siku ya kufua, na niliingia mbio zile kwa sababu moja: nilitaka kuonekana.

Ilikuwa sikukuu ya chama. Siku zile chama kilikuwa kimoja na sote tulihesabiwa ndani yake, upende usipende. Neno "bwana" lilikuwa limekatazwa. Kila mtu alikuwa mwananchi, hata babu yangu ambaye alikuwa haoni wala hasikii. Kila sikukuu tulipangwa mistari tukaimba na kucheza, lakini mwaka ule wakubwa wa mji waliongeza mbio. Wangefunga barabara, magari machache yaliyokuwepo yasipite, na wenye kinga wangezunguka mara sita: kutoka ofisi ya zone, yaani ya wilaya, kushuka hadi gare ya treni, kufuata mto nyuma ya madepo ya mizigo, kupanda sokoni na kurudi ofisini. Zawadi ilikuwa kinga mpya nyeusi, bado imeviringishwa makaratasi ya dukani. Waliiweka dirishani mwa ofisi wiki nzima ili tuimezee mate.

Mtu aliyeihitaji kinga ile nilimjua vizuri sana. Alikuwa mbebaji kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto, amenizidi kama miaka kumi, nami nilimwita yaya, kama tunavyomwita kila aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Alibeba chumvi na sabuni kwenda Kalima, akarudi na bidoni za mafuta ya mawese, nne nyuma na moja katikati, huku akisukuma kwa miguu kwenye milima, mkono mmoja kwenye fimbo iliyofungwa usukani. Siku nne njiani, siku moja ya kupumzika, halafu tena. Ila kinga haikuwa yake. Ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anahamia Kisangani, na mwisho wa mwezi angeondoka nayo. Yaya alikuwa na mke na watoto watatu, na mbebaji bila kinga anabaki na shingo yake tu.

Haya yote aliniambia mwenyewe. Alizoea kuniletea suruali zake nizitie viraka pale zinapoliwa na kiti, na tulipojiandikisha mbio tukaanza kufanya mazoezi pamoja alfajiri, baada ya swala. Mimi nilikuwa na kinga ya shemeji yangu wa reli. Nilikuwa mwepesi wa miguu lakini mjinga. Yeye njo alinifundisha kuishushia kiti, kutoa karia na kengele na mabati ya magurudumu ili kinga iwe nyepesi, na kutomaliza nguvu mzunguko wa kwanza kwa ajili ya kupigiwa vigelegele. Asubuhi moja tulisimama mbele ya dirisha la ofisi, akaniambia taratibu, "Mudogo yangu, hii kinga nikiikosa, sijui nitakula nini na hawa batoto." Nikamjibu kwamba Mungu atampa. Nilisema hivyo huku macho yangu yako kwenye kinga ile ile, najiona tayari juu yake, napita mbele ya nyumba za watu.

Siku ya mbio tuliambiwa tuwe tayari saa nane mchana. Vitambaa vya namba nilivishona mimi mwenyewe, thelathini na kitu, na chake nilikishona mara mbili kisichanike. Tukasimama juani. Mgeni wa heshima alikuwa anatoka Bukavu kwa ndege. Ndege ikachelewa, halafu akafika, halafu ikabidi ale, halafu ikabidi aongee. Tulianza mbio saa kumi na moja imekwisha kupita. Katika wakubwa wote wale wenye kalamu mfukoni, hakuna hata mmoja aliyekumbuka bendera.

Kwa asiyejua, nieleze. Kila asubuhi bendera ilipopandishwa, na kila jioni saa kumi na mbili iliposhushwa, polisi alipiga filimbi na mji mzima ukasimama. Una beseni la mihogo kichwani, unasimama nalo. Uko juu ya kinga, unashuka, unaiegemeza kiunoni, mikono imenyooka, mdomo umefunga. Hata mwenye haja alisimama nayo. Filimbi ya pili ikilia njo unaendelea na safari yako. Aliyetembea kati ya filimbi mbili alilala kasho, mahabusu ya polisi, na wapo waliotoka kasho wakiwa hawajui kukaa vizuri kwa wiki nzima. Sisi tulizoea hata tukasahau kwamba ni jambo la ajabu.

Mbio zilikuwa tamu, sitasema uongo. Barabara tupu, watu pande zote mbili, vumbi jekundu, ngoma za chama. Mzunguko wa tatu wengi walikuwa wamekatika minyororo au pumzi. Wa nne tulibaki wawili mbele, yaya na mimi, na wa tano akaniacha. Hakuniacha kwa hasira. Aliendelea tu na mwendo wake ule wa Kalima, na mimi ndiye niliyepungua. Nilipoingia mzunguko wa sita, nyuma ya madepo, alikuwa mbele yangu mwendo wa nyumba kumi hivi. Pale kandokando ya mto hapakuwa na watu. Wote walikimbilia sokoni na ofisini kuona mwisho. Hata kijana wa chama aliyewekwa pale kulinda kona alikuwa amekwenda kutafuta bia yake kabla haijaisha.

Filimbi ikalia.

Niliisikia. Naandika wazi hivi kwa sababu nimekwisha kusema vingine mara nyingi. Niliisikia kama ninavyosikia jina langu. Yaya akafunga breki, akashuka, akaiegemeza kinga kiunoni, akanyoosha mikono. Mimi pia miguu yangu ilisimama juu ya pedeli. Kisha nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Hapakuwa na mtu. Roho ikanituma, na mimi nikaisikiliza upesi kuliko nilivyowahi kuwasikiliza wazazi wangu.

Nilimpita karibu kabisa, ningeweza kumgusa bega. Hakutikisika. Macho yake tu yaligeuka yakanifuata, na hakusema neno, maana kusema pia kulikuwa kosa. Mji wote ulikuwa umenyamaza na mnyororo wangu ulikuwa unalia kwa kukosa mafuta. Niliuona unalia kwa makusudi. Nikafika ukuta wa depo la mwisho, pale ambapo ukikunja kona watu wa sokoni wanakuona, na hapo, sikia ushenzi wangu, nikashuka. Nikasimama wima nyuma ya ukuta, mikono imenyooka, mwananchi mwema. Filimbi ya pili ilipolia nikapanda, nikakunja kona, na soko zima likapiga kelele. Alinifukuza yule mtu, na alikaribia, lakini barabara ilikwisha.

Walinibeba juu juu. Sasa mkubwa mmoja wa vijana wa chama, mwenye chombo cha kukuzia sauti, alikuwa na akili kuliko wengine. Mzunguko wa tano alimwona yaya mbele yangu na nafasi kubwa katikati. Akauliza, na mji mzima ukasikia, ni vipi wa pili amekuwa wa kwanza, na filimbi ilimkuta kila mmoja wetu wapi. Nikajibu kwamba filimbi ilinikuta nyuma ya madepo, nikasimama kama inavyotakiwa. Akamgeukia yaya. Akamuuliza kama huyu kijana alisimama, au alitembea bendera ikishuka.

Yaya alinitazama. Alikuwa anahema, vumbi limemjaa kwenye ndevu. Kinga mpya ilikuwa pale mezani karibu na mkono wake. Alitakiwa kusema neno moja tu, la kweli, na ingekuwa yake, na mimi ningepelekwa kasho mbele ya mama yangu.

"Alisimama," akasema. "Tulisimama wote wawili, pamoja. Filimbi ya pili iliita, yeye akaenda, mimi miguu ilikataa. Nilichoka."

Mkubwa akapenda sana jibu hilo. Akarudia kwenye chombo chake: mwananchi huyu anasema alichoka. Watu wakacheka, mgeni wa Bukavu naye akacheka. Mimi nikapewa kinga. Naona haya kuandika kwamba nilicheka pia, kidogo, kwa sababu ya kupona.

Nilifikiri mambo yamekwisha pale. Kumbe neno lile lilikuwa na miguu. Kesho yake sokoni watu walimwita Muchovu. Akija mutumbwini, wapiga kasia wanamuuliza kama atafika ng'ambo au wamsaidie kukaa. Utani tu, watu wa Kindu ndivyo tulivyo, hatumwachi mtu. Lakini wafanyabiashara hawakutania. Mwisho wa mwezi kinga ya yule wa Kisangani iliondoka, na yaya alipokwenda kwa wengine kuomba wampe kinga na mzigo, walimwambia wanatafuta mtu wa kufika Kalima, si mtu wa kuchoka nyuma ya madepo.

Akaja kwangu. Ndiyo, alikuja, akakaa kwenye benchi la wateja, na kinga yangu imesimama pale ukutani inang'aa. Nilidhani amekuja kuidai, na nilikuwa nimekwisha kutayarisha maneno ya kumfokea, Mungu anisamehe. Hakuidai. Aliomba niende kwa mfanyabiashara mmoja, mmoja tu, mtu mzima wa msikitini kwetu, nimwambie kwa siri kwamba yeye hakuchoka. Si lazima nieleze kisa. Niseme tu kwamba namjua, si mtu wa kuchoka. Nikamwambia nitakwenda Ijumaa.

Ijumaa nilimwona mzee yule, tuliswali safu moja. Nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani, nikavaa viatu vyangu. Nilijiambia kwamba neno likitoka kwake litafika kwa mkubwa wa vijana, na kasho bado iko wazi. Ijumaa ya pili nikajiambia hivyo hivyo. Ya tatu sikusubiri hata imamu amalize dua. Yaya hakurudi kuniuliza. Nilisikia amekwenda Kalima kwa miguu kuchimba kasiterite, mawe ya madini ya bati, yeye na koleo.

Miaka ikapita. Kinga ile sikuifurahia, lakini niliipanda. Nisijifanye kwamba niliitupa mtoni. Niliipanda mpaka rangi ikatoka. Kisha chama chenyewe kikalegea. Filimbi ya jioni ilikuwa inalia na watu wanaendelea kupika. Njo wakati huo nikapata ushujaa, ushujaa wa bure usio na hatari, nikavuka Alunguli kumtafuta nimwombe radhi.

Nilimkuta mkewe tu. Alikuwa anaanua mihogo iliyokauka juu ya bati. Alinipa kiti, akanipa maji kwenye kikombe cha bati, akaniambia mume wake amekwisha kufa, mwaka wa pili sasa. Shimo lilibomoka kule Kalima, wakamleta wakamzika hapa. Sikujua. Alunguli ni mto tu katikati, na mimi sikujua. Nikasema maneno ya pole, na sauti yangu nikaisikia kama ya muuza duka.

Akakaa karibu yangu. Akasema ananikumbuka, ni mimi yule wa zile mbio. Akasema kuna jambo alimuuliza mume wake miaka yote, na mume wake hakumjibu, alikuwa anageuka ukutani. Hata watoto waliporudi wanalia kwa kuitwa watoto wa Muchovu, hakujibu.

"Wewe njo ulikuwa naye kule nyuma," akasema. "Muntu mwingine hakuwepo. Uniambie kweli, mudogo wa bwana yangu. Alichoka?"

Uani hapakuwa na mtu mwingine. Hapakuwa na polisi wala chama. Kasho ilikuwa imegeuzwa ghala la mahindi. Alinitazama usoni bila hasira yoyote, anangoja, na mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga wa mihogo.

Nikamwambia, "Ndiyo, yaya. Alichoka."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema asante, kwamba angalau sasa anajua. Kisha akapokea kikombe kutoka mkononi mwangu, akaniuliza kama nataka maji mengine.