Chupa ya Maji ya Msasani

Msasani ya wakati ule ilinuka mwani unaooza na magamba ya samaki, na pamoja na harufu hiyo kulikuwa na ukimya ambao mtoto wa wafugaji haujui. Kwetu, vijijini nje ya Bariadi, hakuna saa ambayo husikii kitu: ng'ombe, kengele, mbwa, mtu anamwita mwenzake toka ng'ambo ya bonde. Pale palikuwa na nyumba kubwa nyeupe zilizofungwa madirisha, na barabara ya mchanga isiyo na mtu. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa karibu, lakini huwezi kuusikia. Mjomba wangu Masanja, kaka wa mama yangu, alikuwa mtunza bustani katika nyumba mojawapo, ya ofisa ambaye sikumwona hata mara moja. Aliishi na mkewe kwenye chumba cha uani walichokiita boi kota. Hapo ndipo nilipokaa na bibi yangu Minza, mama yake mjomba, tangu pamba ilipokwisha kuvunwa mpaka mvua za kwanza zilipokaribia. Mimi nilikuwa mtoto wa kumshika bibi mkono njiani tu. Niliambiwa tumekwenda kutibu macho ya bibi. Ilikuwa kweli, ila haikuwa yote.

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumehamishwa. Boma letu la zamani lilizungukwa na minyaa, na jirani ukimtaka ulipanda kwenye kichuguu ukapiga kelele. Serikali ikasema watu wakae pamoja, wapate shule na zahanati na maji. Sisemi ilikuwa vibaya kutaka hivyo. Darasa langu dogo nililosoma, nililisoma kwa sababu hiyo. Lakini tulipangwa kwenye mistari na watu tusiowajua, kila mlango ukitazama mlango wa mwingine. Ukipika, wanajua umepika nini. Ukigombana na mumeo, wanasikia. Ukifiwa, wanaanza kukumbuka nani alipita mbele ya nyumba. Mama Sayi, jirani yetu wa mkabala, alifiwa na mtoto mdogo kwa homa kabla hata nyasi za paa letu hazijakauka. Baada ya hapo akaacha kujibu salamu ya bibi. Bibi alikuwa amepikia samadi kavu maisha yake yote, maana kwetu miti ilikwisha zamani, na moshi ule ulikuwa umemharibu macho, mekundu, yanatoa machozi mchana kutwa. Kila mtu alijua ni moshi. Na kila mtu alijua kuwa mwanamke mzee mwenye macho mekundu huitwa mchawi. Watu wa kwetu waliyajua yote mawili kwa pamoja, wala hayakugombana vichwani mwao.

Tulipanda lori la pamba hadi Malampaka, na kutoka hapo treni. Pwani bibi alipelekwa hospitali, akapewa dawa ya kupaka ya manjano kama samli. Mke wa mjomba, Mama Mwajuma, alipikia mkaa, nje, upepo ukipita, na alimkataza bibi kusogelea jiko. Mama huyu alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani. Kwetu mkwe hataniwi kabisa, hata kumtazama usoni ni shida, kwa hiyo siku za mwanzo bibi alikuwa akikaa kimya kama mtu aliyemwagiwa maji. "Msukuma wee," Mama Mwajuma alimwambia alipomwona amesimama ufukweni na fimbo yake, maji yanakuja yeye anarudi nyuma, "hayo hayachungwi! Weka fimbo chini, yatakuja yenyewe na yataondoka yenyewe." Bibi akamjibu, "Kama hayana mchungaji ndiyo maana hayana adabu." Mjomba alicheka mpaka akakaa kwenye mchanga. Nadhani ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka mwaka ule.

Siku ileile bibi aliyaonja maji ya bahari. Alichota kwa kiganja, akatema, akachota tena. Mwanamke wa mjini angesema chumvi, akaenda zake. Bibi alikuwa mfugaji. Alitazama maji yale mpaka yanapoishia machoni, akasema kwa sauti ndogo, kama anayeona mali ya watu imetupwa njiani, "Ng'ombe wangapi wangelamba hapa." Kwetu ng'ombe hutafutiwa udongo wa magadi mbali, hupelekwa kulamba, na mnyama aliyekosa chumvi utamwona ngozi imekunjamana na maziwa yamepungua. Bibi alikuwa na mtamba mmoja aliyeachiwa na marehemu babu. Toka siku hiyo alikuwa na chupa, chupa ya kawaida ya soda iliyozibwa kwa gunzi la hindi, imejaa maji ya Msasani. Alisema atampelekea mtamba wake.

Macho yakapona. Sijui niseme vipi. Siku moja nilikuwa namsuka nywele nikaona yamekuwa meupe, na uso wake umekuwa wa mtu mwingine, mdogo. Yeye aliomba kioo cha Mama Mwajuma, akajitazama sana, halafu akasema, "Sasa naweza kurudi." Hapo ndipo nilipojua kilichotupeleka, maana mjomba aliacha jembe akaja kukaa chini mbele yake kama mtoto. Mimi nilikuwa namenya mihogo pembeni, hakuna aliyenifukuza.

"Mayu," alisema, ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "usirudi. Kaa hapa. Chumba kidogo lakini tutabanana. Nimesikia kwa mtu wa Nyalikungu, jirani na kwetu, aliyekuja na treni, wanakutaja kwenye pombe, waziwazi, kwa jina."

"Nikikaa watasema nimekimbia."

"Waseme. Utakuwa hai."

"Na dada yako?" bibi akamwuliza. Dada yake ndiye mama yangu. "Uchawi kwetu wanasema mama humwachia binti. Nikikimbia mimi, nani atakaa na jina hilo kule? Masanja, nijibu. Nani?"

 Mama Mwajuma, ambaye siku zote alikuwa na la kusema, aliinuka akaenda kuangalia nguo kwenye kamba, na nguo zilikuwa hata hazijakauka. Bibi akaeleza mpango wake, taratibu, kama mtu anayepanga shamba. Macho mekundu ndiyo ushahidi waliokuwa nao. Macho sasa ni meupe. Atarudi mchana, atapita katikati ya kijiji, atamsalimu kila mtu kwa jina, wamwone. Ushahidi ukiondoka, kesi inakwisha. Mjomba alimwomba basi angalau aimwage ile chupa. Akasema, "Hii ni chumvi ya ng'ombe. Anayetaka ataonja."

Tulirudi. Alifanya kama alivyosema. Tulishuka kwenye lori mchana, akajifunga vitenge vyake vizuri, akaingia kijijini na fimbo, akawasalimu mmoja mmoja. "Mwadila," anasema, na wao wanaitikia "Mwadila," wanamtazama machoni, halafu wanatazama chini. Mimi nilikuwa nimefurahi. Niliona wanayatazama macho, nikadhani wanaona nilichokuwa nakiona mimi. Kumbe wao walikuwa wanafikiria njia aliyopita. Watu wa bara wanaamini dawa kali zote zinatoka pwani. Waganga wenyewe wakijisifu husema wamefundishwa pwani. Sasa hapa kuna mwanamke mzee aliyeondoka na macho mekundu, akakaa pwani miezi, akarudi na macho ya msichana. Tulikwenda kuuondoa ushahidi, tukarudi na mwingine mkubwa zaidi, nasi wenyewe ndio tuliokuwa tumeubeba kwenye treni.

Kesho yake asubuhi bibi alikwenda zizini, akamwaga maji ya chupa kidogo kidogo juu ya jiwe, mtamba akalamba. Zizi lilikuwa la nyumba kadhaa, ng'ombe wa majirani walikuwa humo humo. Mama Sayi alikuwa anapita na ndoo.

"Unanyunyiza nini hapo?"

"Maji ya bahari. Njoo uonje, mwanangu, ni chumvi tupu."

Mama Sayi hakuja. Alisimama, akafuta mikono yake kwenye kanga, akafuta tena, na mikono ile haikuwa imegusa kitu. Kisha akaondoka bila ndoo yake. Nilimpelekea ndoo mlangoni, hakutoka kuipokea.

Juma lile ndama wa watu alikufa kwa ndigana. Ndama hufa kwa ndigana kila mwaka, tangu babu zetu, na kila mfugaji anajua kupe ndiye anayeileta. Siku ya gulio, watu wengi wakiwa wamekwenda kuuza, bibi alikwenda peke yake kwenye mahame yetu, kule kwenye minyaa, kuchuma mlenda. Hakurudi kupika. Baba na jirani mmoja walimkuta kabla jua halijazama. Aliuawa kwa panga, na zaidi ya hapo sitaandika. Hakuna aliyekamatwa. Walikuja kuzika wote, Mama Sayi akiwemo, wakala, wakaosha mikono. Yule mtamba baba alimuuza. Na jina bibi alilorudi kulisafisha lilikaa nyumbani kwetu kama alivyohofia, mama yangu akaishi nalo akipita njia za nyuma, mpaka alipokufa kitandani kwake, jambo tulilomshukuru Mungu kwa sauti.

Siku hizi Bariadi ni mji. Kuna lami, kuna taa, kuna wasichana wanaokwenda pwani kwa mapumziko na kurudi na picha wamesimama majini wanacheka, na hakuna anayewauliza wamebeba nini. Mjukuu wangu ni muuguzi Dar es Salaam. Anasema Msasani ninayoisema haipo, ni maghorofa na foleni za magari. Mimi sasa ni mzee kuliko bibi alivyokuwa, na macho yangu yamevimba, yamekuwa mekundu, ingawa nimepikia mkaa miaka mingi. Mwezi uliopita mtoto wa jirani aliniuliza kwa nini macho yangu yako hivi, na mama yake akamvuta ndani haraka, bila kuniaga. Nilimsimulia mjukuu wangu kwenye simu. Akacheka kwa upole, akasema, "Bibi, watu siku hizi wana simu, wana televisheni, nani bado anaamini hayo?" Nikamwambia hata sisi tulikuwa na redio.  Amenipangia siku ya hospitali, anataka niende nikatibiwe, kisha nirudi nyumbani kwangu na macho safi. Kwenda nimekubali. Kurudi ndiko ambako bado hatujaelewana.