Mama Kutoka Mella Aliyekuja Kupigwa Skani

Ukitaka kuniita mwongo, subiri nimalize. Walioniita hivyo kabla yako ni wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa nami chumbani.

Kazi yangu ni kupiga skani katika kliniki moja hapa Busia, upande wa Uganda. Usidhani naangalia watoto wa tumboni tu. Nikiweka kifaa changu shingoni au mguuni mwa mtu, naiona mishipa yake na damu yenyewe ikitembea: kwenye skrini inayokuja huonekana nyekundu, inayokwenda buluu. Mtu akivimba mguu, naangalia kama damu imeganda au ni yale maji ya mwili yaitwayo limfu yamekosa njia.

Alasiri moja ya mvua aliingia mama mwenye gomesi, lile gauni refu la mkanda mpana, mguu wa kulia umevimba. Akasema ametoka huko vijijini Mella. Nikampaka jeli, nikaweka kifaa nyuma ya goti. Mishipa niliiona vizuri, lakini rangi haikutokea.

Nikadhani ni mashine. Nikajipima shingoni mwangu mwenyewe: nyekundu na buluu zikachemka. Nikarudi kwake, shingoni. Hakuna kitu. Nikashuka kifuani. Moyo ulikuwepo, umetulia kama jiwe ndani ya maji. Na mama mwenyewe ananitazama, anapepesa macho. Wewe ungefanya nini?

"Haitembei?" akaniuliza.

"Mama, ngoja nimwite daktari."

"Usiite mtu, mwanangu. Mimi nakuja kuuliza tu. Nyumbani nasalimu, hakuna mtu anaitika. Tangu asubuhi watu wanalia, wanapika sufuria kubwa. Nauliza nani amekufa, wananipita tu. Ni wewe peke yako umenijibu."

Nilitaka kumwambia mashine ni mbovu. Niamini, nilitaka sana. Lakini alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kuuliza.

"Haitembei, mama."

"Asante. Sasa najua."

Akashuka kitandani, akakataa nimfute jeli, akatoka. Nikamfuata hadi mapokezi. Dada wa pale akasema tangu mvua ianze hajaona mtu akiingia wala kutoka.

Baada ya siku chache nilikwenda Mella. Nyumba yenye msiba haikunisumbua kuipata. Nikampa pole dada wa marehemu, naye akanisimulia bila kuulizwa: walipokuwa wakimvisha, walikuta ute wa baridi shingoni, kifuani na nyuma ya goti.

"Tunafuta, unarudi," akasema. "Tumemzika nao."

Nikaaga, nikarudi Busia.

Tangu hapo wanakuja wengine. Huyu wa Kwapa, yule wa Busitema, mwingine amevuka mpaka kutoka Kenya. Kila mmoja yuko peke yake, na swali ni lilelile. Nadhani yule mama amewaambia kuna mahali watu wanajibiwa. Nami nawajibu, maana nimeshindwa kuwafukuza. Sasa wananifuata hadi nyumbani, na mke wangu amerudi kwao Tororo. Anasema nyumba yetu ina pumzi nyingi kuliko watu.

Basi sikia. Ukifika kliniki kwetu ukamkuta mgonjwa mwishoni mwa benchi, hana wa kumsindikiza, nguo kavu ilhali nje kunanyesha, kaa mbali. Akikusalimu, nyamaza, hata kama ulilelewa vizuri. Akishajua kwamba wewe unaitika, hatakuwa na haja ya kumtafuta mtu mwingine.