Salamu ya Ndani ya Kontena

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuna aliyewahi kumwomba ushauri wa ndoa. Wenzake walibofya vitufe vya rangi. Yeye aliandika amri kwenye skrini nyeusi kwa vidole viwili, na kabla ya kuituma alishusha miwani puani kama anayemsikiliza mwongo. Kila asubuhi aliliamsha kontena lake, kile chumba kilichofungwa ndani ya kompyuta ambamo programu ya zamani huishi na kila ilichokizoea, na skrini ikamsalimu: “Umechelewa tena, dada.” Utani huo uliwekwa humo na mwenzake wa meza ya dirishani, marehemu sasa. “Foleni, kaka,” Shangazi alinong'ona, ndipo kazi ikaanza.

Siku bosi alipoagiza makontena yote yafutwe na kujengwa upya, vidole viwili viligoma. Salamu ilikuwa ndani ya kontena tu. Kwenye faili la maelekezo ya ujenzi haikuwamo. Na ni yeye aliyezoea kuwagombeza wenzake: “Usichokiandika kwenye faili kitakufa na kontena, na usije kunililia!”

“Vipi Shangazi, vidole vimeota kutu?” aliuliza jirani wa meza.

“Wewe bofya.”

Akafungua faili, akaongeza mstari mmoja, herufi kwa herufi. Akaandika amri ya kufuta, akashusha miwani, akaituma. Kontena likaenda. Jipya likajengwa taratibu, naye hakupepesa macho.

“Umechelewa tena, dada.”

“Foleni, kaka,” akajibu, safari hii kwa sauti, na ofisi nzima ikajifanya inabofya.